Usahaulifu wa Wazee katika Usukuma: Je, ni Jambo la Kabila au la Lugha?

Kati ya usahaulifu wa kawaida wa uzee na ule ugonjwa wa kupotewa na akili uitwao demensia, waganga wa hospitali hutambua hali ya tatu. Mtu aliye nayo husahau kuliko wenzake wa rika lake, lakini bado hujitegemea: hupika, huhesabu fedha zake, na njia ya kwao aijua. Maelezo ya hali hiyo yaliyoenea sana yalitolewa mwaka 1999 na Petersen na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani. Si kila aliye nayo huishia katika demensia. Wengine hubaki vivyo hivyo kwa miaka mingi, na wengine hurudia hali yao ya kwanza. Hapo ndipo huulizwa kama kabila au asili ya mtu ina sehemu katika kuzidi kwa hali hiyo.

Jibu lataka uangalifu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2001 uliwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Kila mwaka asilimia 1.35 ya wale wa Ibadan walipatwa na demensia, na wale wa Indianapolis asilimia 3.24, ingawa wahenga wa Wamarekani weusi wengi walitoka Afrika Magharibi. Basi asili peke yake haitoshi kueleza tofauti hiyo. Tena, uchunguzi wa New York wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa tofauti ya alama kati ya wazee weusi na weupe hupungua sana kiwango cha kusoma cha kila mmoja kikizingatiwa. Mara nyingi kinachodhaniwa kuwa kabila ni shule.

Mambo hayo yatuhusu tutazamapo Shinyanga na Geita. Wazee wengi wa huko, hasa wanawake, walikua kwa Kisukuma, Kisumbwa au Kizinza. Kiswahili walijifunza baadaye, na wengine hawakupata kuingia darasani. Mzee wa namna hiyo akiulizwa kwa Kiswahili tarehe ya leo, naye huhesabu siku zake kwa mvua na mavuno, kukosa jibu si dalili ya ugonjwa. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa na matokeo yakatolewa mwaka 2013, jambo hili lilizingatiwa. Jaribio fupi lililotungwa baadaye kwa wasiosoma halimtaki mzee achore kwa kalamu. Hupewa njiti za kiberiti azipange kwa kufuata umbo aonyeshwalo.

Katika machimbo ya Geita kuna sababu nyingine isiyo ya kabila. Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, na mvuke wake hudhuru ubongo, ukaleta kutetemeka na usahaulifu. Uchunguzi wa mwaka 2003 huko Rwamagasa ulikuta dalili za sumu hiyo, hasa kwa wachomaji.

Sasa tuyatazame maneno. Wengine hupendekeza "upungufu wa fahamu". Lakini katika Kiswahili aliyepoteza fahamu ni aliyezimia. "Ugonjwa wa akili" humfanya msikilizaji afikiri kichaa. "Kuendelea kwa ugonjwa" nako kwaweza kueleweka kuwa ugonjwa ungalipo tu, si kwamba waongezeka. Kwa maoni yetu, "upungufu mdogo wa utambuzi" ungefaa vitabuni, "usahaulifu uliozidi umri" ungefaa nyumbani, na "kuzidi" kungefaa kuliko "kuendelea". Lakini maneno hayo nayo yahitaji kupimwa kwa Kisukuma, pamoja na wasemaji wenyewe, kabla ya kuingizwa katika maswali ya daktari.

Kazi hiyo si anasa ya wanaisimu. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Geita, kwa miongo mingi, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, ingawa Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, yakataza kumtuhumu mtu kwa uchawi. Macho mekundu ya bibi aliyepika miaka mingi kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kwa kukosa kuni, yamechukuliwa kuwa ushahidi. Aongeapo peke yake, au akutwapo usiku nje ya boma lisilo lake kwa kupotea njia, jirani asiye na jina la ugonjwa ana jina jingine tayari: bulogi, yaani uchawi. Husemwa kuwa penye wazee haliharibiki neno. Hapa neno lenyewe likiharibika, ni mzee aangamiaye. Kwa hiyo istilahi itakayotungwa haina budi ieleweke kwa jirani huyo kwanza, kisha kwa daktari.