Funga Mlango, Funga na Kabati

Mwenye nyumba makini hafungi mlango wa nje tu. Kabati lenye hati na akiba nalo hulitia kufuli. Simu ya kisasa yataka utaratibu huo huo. Mtoto akiiomba ili acheze, umekwisha kumfungulia mlango. Je, kabati limefungwa?

Tangu mwaka 2019, wenye simu za Android waweza kuifunga WhatsApp kwa alama ya kidole. Ingia katika mipangilio, halafu faragha, halafu kufuli la programu. Waweza kuchagua ijifunge papo hapo, baada ya dakika 1, au baada ya dakika 30. Hapo hapo zuia maneno ya ujumbe yasichomoze juu ya kioo, maana kufuli halina faida iwapo barua yasomeka dirishani.

Hata hivyo, hapana budi kukumbuka jambo moja. Ajuaye namba ya siri ya kufungulia simu aweza kusajili kidole chake mwenyewe, na makufuli mengi ya namna hii yatamtii kama yakutiivyo wewe. Kwa hiyo namba hiyo isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, wala isifanane na ile ya kutolea fedha. Kagua vidole vilivyosajiliwa, usichokitambua, kifute.

Kufanya hivyo si kuwashuku watu wa nyumbani. Ni kumwondolea mtoto lawama ya fedha zilizopotea simu ikiwa mikononi mwake.