Zenji kulikuwa na treni ya mjini, naiunda kwa maboksi

Wadau, kila nikisema hapa Mikocheni kwamba Unguja kulikuwa na treni iliyokatiza katikati ya Mji Mkongwe, watu wananiona mzushi. Haya, ngoja niwamegee.

Ilianza 1905. Kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ilijenga reli ya maili 7 kutoka Ngome Kongwe, pale Forodhani, ikapita Malindi mpaka Bububu. Mwaka huohuo huku Dar Mjerumani ndio kwanza anaanza kujenga reli ya kati, Morogoro kafika 1907. Yaani Wazenji walishatutangulia! Serikali ikaichukua 1911, baadaye magari na barabara vikaimaliza. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 imeshakufa. Mombasa nako kulikuwa na troli za kwenye reli, zinasukumwa na watu kwa miguu, nazo zikapotea miaka hiyohiyo.

Sasa mimi naiunda kwa maboksi ya viatu, njiti za mishikaki na waya. Hesabu yenyewe hii: upana wa reli ulikuwa futi 3, sentimita 91. Gawa kwa 50, unapata milimita 18. Ila njia nzima ingetaka mita 225, na chumba changu cha kupanga jamani! Nimechukua kichochoro kimoja tu.

Na kichochoro ndio utamu wenyewe. Kwenye kadi za posta za zamani treni imebanwa na nyumba huku na huku, ukikaa barazani unakunja miguu. Ukiunda behewa bila zile kuta na milango, hujaonyesha kitu.

Kuna jamaa kaning'ang'ania nipake nyekundu ipendeze. Nimegoma. Picha ni nyeusi na nyeupe, na kadi nyingi za rangi za enzi zile wachapaji walijipakia tu wanavyotaka. Waliopanda treni ile hawapo tena wa kunisahihisha. Mtoto akiona behewa jekundu kwangu, atakua anajua lilikuwa jekundu. Bora libaki kijivu.

Wadau wa Unguja, fungueni makabati ya bibi na babu kabla hawajaja wa kufagia. Ukikuta picha yenye reli usiitupe, hata kama imechanika. Mimi kwa sasa nahangaika na magurudumu, vifuniko vya soda vimegoma kukaa kwenye milimita 18.