Kufikia si Kupita: Catch na Overtake

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mwanzo hadi utepe. Mita za mwisho John Walker, mwenyeji, alizidi kumsogelea. Bayi akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia, na Walker akawa wa pili, naye chini ya rekodi ya zamani.

Anayesimulia mita zile kwa Kiingereza yuko sahihi akisema Walker is catching Bayi. Ukiandika kwa Kiswahili kwamba Walker anamkamata Bayi, au amemfikia, umepotosha habari, maana hakumfikia. Kwa watu wanaofukuzana, is catching hueleza pengo linalopungua, basi. Ni caught inayosema pengo limekwisha. Catch up with nayo huishia hapo hapo, bega kwa bega. Mwanafunzi aliyekosa masomo kwa kuugua akitakiwa ku-catch up, hatakiwi kuwashinda wenzake bali kufika walipo. Kumwacha mtu nyuma ni jambo jingine, nalo ndilo overtake. Kosa la kuchanganya mawili haya nalikuta mara nyingi katika kurasa za michezo, na linaniuma, kwa sababu linabadilisha nani alikuwa mbele.

Barabarani, Waingereza hutumia overtake pale Wamarekani wanaposema pass. Sisi tulirithi la Waingereza, ndiyo maana dereva wa daladala huovateki.

Ila overtake nayo ina umri wake. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kitabu cha Kutoka sura ya 14, jeshi la Farao lina-overtake Waisraeli waliopiga kambi kando ya bahari. Halikuwapita, liliwafikia. Maana hiyo kongwe ingali hai pale giza au mvua inapomkuta mtu njiani: Kiingereza husema amekuwa overtaken, na Kiswahili chake kizuri ni kukutwa. Mpango ulio overtaken by events nao haujashindwa na mshindani yeyote. Mambo yamebadilika kabla haujatekelezwa.

Catch ilitoka Kifaransa cha kaskazini, na ni ndugu wa chase, kukimbiza. Zote mbili asili yake ni Kilatini, na zamani catch yenyewe iliweza kumaanisha kuwinda. Leo imetawanyika mno hata kitenzi kimoja cha Kiswahili hakiwezi kuibeba. Mpira tunaudaka, samaki tunawavua, basi tunaliwahi, mwizi tunamkamata, nyumba inashika moto. Penye ugonjwa mambo hugeuka kabisa: Mwingereza ndiye anayeyashika mafua, sisi mafua hutushika.

Kuna mtego mmoja zaidi, na huu ni wa kurasa za biashara. Overtake na take over zina vipande vile vile, ila mpangilio umegeuzwa. Kampuni iki-overtake nyingine, imeizidi kwa mauzo au kwa ukubwa, na kila moja inaendelea na shughuli zake. Iki-take over, imeitwaa: wenye hisa wamebadilika, na wafanyakazi wana tajiri mpya.