Je, Wajua? Chupa ya plastiki hutunguliwa kama ushanga

Je, wajua kwamba chupa ya maji inayodondoshwa na msafara wa watalii pale Ololosokwan, karibu na Lango la Klein's la Serengeti, ni ndugu wa damu na shati la poliesta la mnadani? Vyote viwili ni plastiki ileile, PET, ambayo ni aina ya poliesta. Uzi wake uligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Chupa ilikuja baadaye, Nathaniel Wyeth wa Marekani alipopata hataza yake mwaka 1973.

Aliyewahi kumtazama mama wa Kimaasai akitunga ushanga ameshaielewa kemia yake. Shanga nyekundu ni asidi ya terefthaliki. Nyeupe ni ethilini glaikoli, ileile iliyomo kwenye kulanti ya rejeta ya gari. Zitunge kwa zamu, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, mara mia na zaidi: hiyo ndiyo poliesta.

Urejelezaji wa kawaida huosha chupa, huzisaga na kuziyeyusha kwenye joto la nyuzi 260 hivi. Kila ziyeyushwapo, nyuzi hizo za shanga hukatikakatika, na rangi haitoki. Urejelezaji wa kikemia hautaki kuyeyusha, unautungua ushanga. Vipande hupikwa ndani ya ethilini glaikoli kwa nyuzi 190 hadi 200, pamoja na kichocheo, hadi kibaki kijipande kifupi: nyekundu moja, nyeupe mbili ubavuni. Kikisafishwa hutungwa upya kuwa plastiki isiyo na tofauti na mpya.

Hapa ndipo moyo wangu hudunda. Kichocheo kilichozoeleka ni chumvi ya zinki, lakini watafiti wa Nchi ya Basque, Hispania, walionyesha mwaka 2010 kwamba sodiamu kaboneti hufanya kazi hiyo vizuri pia. Sodiamu kaboneti ndiyo kiini cha magadi, yale yanayotanda kandokando ya Ziwa Natron na kulainisha maharage jikoni. Kinachohitajika ni kidogo mno, kwa hiyo hakuna sababu ya kuligusa ziwa lenyewe, ambalo ni mazalia makuu ya heroe wadogo Afrika Mashariki na ardhioevu ya Mkataba wa Ramsar tangu 2001.

Je, mazingira yanapona? Mafuta ghafi yanayochimbwa hupungua, hilo ni kweli. Lakini kupika, kusafisha na kutunga upya kwa jumla hutaka joto jingi kuliko kuyeyusha tu, na joto likitoka kwenye makaa ya mawe, moshi unabaki. Masalia ya rangi nayo lazima yashughulikiwe, yasimwagwe mtoni. Kwa hiyo chupa safi isiyo na rangi iyeyushwe tu. Kutungua kunafaa zaidi kwa chupa za rangi na nguo za poliesta iliyochanganywa na pamba, maana glaikoli huila poliesta na kuiacha pamba.

Halafu kuna barabara. Chupa ya nusu lita huwa na gramu 10 hadi 20, yaani kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Lori litokalo Ololosokwan kupitia Wasso na Engare Sero hadi Mto wa Mbu likibeba chupa zisizobanwa, linabeba hewa na kuchoma dizeli. Mashine ya kubana chupa pale Wasso ingefaa kabla ya kiwanda chochote cha kemia.

Ipo pia njia isiyo na moto: Japani kuna bakteria aliyepatikana Sakai, aliyetangazwa mwaka 2016, anayeila PET bila kupikwa. Ila huchukua wiki kadhaa kumaliza utando mwembamba.

Ukichambua nguo, usiitupe kila shuka ya Kimaasai kwenye fungu la poliesta. Nyingi ni akriliki, na shanga zake zimefungwa kwa fundo jingine. Glaikoli na magadi haviifungui. Soma lebo kwanza. Chupa haina shida hiyo: ikate vipande pamoja na kizibo chake, uvitie kwenye ndoo ya maji. Vya kizibo vitaelea, vya PET vitazama.