Rulma Inayonguruma Haiponi kwa Grisi

"Fundi, nitie grisi gani ili rulma ya mbele inyamaze?" Nimeulizwa hivyo Mangobo, nimeulizwa Lubunga, nimeulizwa hata kwenye foleni ya kivuko cha Banalia. Jibu ni moja: hakuna. Si ya bluu, si nyekundu, si ile ya kopo ambayo shemeji yako alileta kutoka Kampala. Rulma iliyoanza kunguruma imekwisha kuharibika. Inabadilishwa.

Tazama kilichomo ndani ya habu. Land Cruiser ya zamani yenye ekseli nzima ya mbele, na hata malori ya kale ya Mercedes yanayobeba mchele na mihogo hadi leo, hutumia rulma zenye rola za umbo la koni. Ni namna ile aliyoisajili Henry Timken, mtengeneza magari ya farasi wa Marekani, mwaka 1898. Kila gurudumu lina mbili, moja ya ndani na moja ya nje, zikielekeana. Uzito wote wa gari upande ule hukaa juu ya mistari myembamba sana, pale rola zinapogusa kikombe cha chuma. Mzigo ukipita hapo mara mamilioni, ufa huanza chini ya ngozi ya chuma, hupanda juu, kisha kibanzi kinabanduka. Ngurumo unayoisikia ni rola zikitumbukia katika shimo hilo na kutoka, tena na tena.

Sasa niambie, grisi itafanya nini hapo? Grisi ni mafuta yaliyoshikwa ndani ya sabuni, mara nyingi sabuni ya lithiamu. Kazi yake ni kuweka utando mwembamba ili chuma kisiguse chuma. Haioteshi chuma kilichobanduka. Kuipaka kwenye rulma yenye mashimo ni sawa na kupaka mafuta ya nywele kwenye jino lililooza.

Najua utaniambia: lakini jirani alitia, na kelele zikapungua. Ndiyo, zilipungua. Grisi nyingi nzito huzima sauti kwa muda, na vibanzi hunaswa ndani yake. Halafu vibanzi hivyo hivyo husagwa kati ya rola na kikombe na kuchimba mashimo mapya. Jirani amefurahi, amekwenda Bafwasende na mzigo kamili. Njiani kizimba kinachotenganisha rola kinapasuka, rola zinajikusanya upande mmoja, gurudumu linalala. Mara nyingine pete ya ndani inagandamana na rola na kuanza kuzunguka juu ya ncha ya ekseli, inaila. Alikataa kununua rulma, sasa anatafuta ekseli.

Kuna na wale wa kujaza. Habu nzima inashindiliwa grisi mpaka haina pumzi, eti ikizidi ni salama zaidi. Grisi iliyozidi haina pa kwenda. Inakorogwa, inapata moto, inalegea, inasukuma sili, na inaishia kwenye breki. Gari lililokuwa likinguruma sasa linanguruma na halisimami. Na wapo wanaoilainisha kwa oili chakavu ya injini, ile nyeusi: masizi na unga wa chuma, yaani vitu vile vile tunavyojitahidi kuviweka mbali na rulma. Mmoja aliniuliza kuhusu mawese. Mawese ni ya kupikia pondu, ndugu yangu. Yakikaa kwenye joto la breki huchacha na kugeuka gundi.

Kama unataka kujua adui wa kweli, ni maji. Habu imepata moto kwa breki na mwendo, hewa ndani yake imetanuka. Unaingia kijito au dimbwi la matope kwenye njia ya Ubundu, na magurudumu ya mbele yanazama katika maji baridi. Hewa inasinyaa ghafla na kuvuta ndani kilichopo nje, kupitia sili iliyochoka. Kilichopo nje ni maji yenye mchanga. Gari likilala wiki mbili, kutu inachora mistari pale kila rola iliposimama, na kila mstari ni mwanzo wa shimo. Ndiyo maana sili ya bei ndogo ina maana kuliko kopo lolote la grisi, na ndiyo hiyo mnayoirudisha ya zamani "kwa sababu bado nzuri".

Hata gari lisilotembea linaweza kuumia. Miaka ya 1930 magari mapya ya Marekani yaliyosafirishwa kwa treni yalifika na vishimo kwenye rulma, kwa kutikisika tu bila magurudumu kuzunguka. Lako lilipanda mto kwa baji kutoka Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,700 juu ya injini inayotetema? Zitazame rulma kabla ya kumlaumu aliyekuuzia.

Haya, kazi. Inua gurudumu, tia gogo au stendi imara chini ya ekseli. Jeki peke yake huua watu. Shika mpira juu na chini, tikisa. Ukicheza, mtu akanyage breki: mchezo ukiisha, ni rulma, ukibaki, tatizo liko kwenye viungo vya usukani na rulma utabadili bure. Ukifungua, nunua rulma kamili, koni pamoja na kikombe chake. Koni mpya kwenye kikombe cha zamani ni pesa umetupa mtoni. Za bandia zimejaa sokoni, basi linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya zamani, si maandishi ya boksi. Kikombe kitolewe kwa kipande cha shaba na nyundo, kidogo kidogo kwa kuzunguka. Kikombe kipya kikiingia kwa kidole, habu imelika: mpelekee fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, usiweke bati la kopo la nyanya. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha. Sukuma grisi ya lithiamu kati ya rola mpaka itokeze upande wa pili, paka kiasi ndani ya habu, acha nafasi. Sili mpya. Kaza nati huku ukizungusha habu ili rola zikae, legeza, kaza tena kidogo tu mpaka mchezo uishe na gurudumu lizunguke kwa urahisi. Kwenye Land Cruiser ni nati mbili za milimita 54 na washa ya kukunjwa kati yake. Tafuta soketi, acha patasi. Ukikuta supu nyeusi badala ya grisi, oili ya difu imevuja kupitia sili ya ndani, na hiyo nayo ibadilishwe, la sivyo itaosha grisi yako mpya.

Tembea kilomita chache, simama, gusa habu kwa mgongo wa mkono. Ya uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza na hukukanyaga breki sana, nati imebana, legeza. Rudi kuangalia mchezo baada ya kilomita mia. Na gurudumu la upande wa pili limepita matope yale yale: lifungue siku hiyo hiyo, kabla hujanawa mikono.