MSHIPA ULIOPASUKA HAUNGOJI GARI



Tumezoea kuhesabu ajali zinazoonekana: kidole kilichokatwa na mashine, mguu uliokatwa na panga shambani. Leo tutazame ajali inayotokea ndani ya tumbo, ambayo hata mwenyewe hajui kwamba inakuja.

Moyoni hutoka mshipa mkubwa wa damu uitwao aota. Hushuka tumboni mbele ya uti wa mgongo, na upana wake hapo ni kama sentimita 2. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaume wazee, wavuta sigara na wenye presha, ukuta wake hulegea ukavimba kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Ukipasuka, mtu hushikwa ghafula na maumivu makali ya tumbo au mgongo, hutoka jasho la baridi, huzirai. Wengi hufa kabla ya kufika hospitali. Ndivyo alivyokufa mtaalamu Albert Einstein huko Marekani mwaka 1955.

Zamani njia ilikuwa moja, kupasua tumbo. Mwaka 1990 daktari Juan Parodi wa Argentina alipitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinena mpaka tumboni, akafungua humo bomba la kitambaa lenye waya. Damu ikapita ndani ya bomba, ukuta mbovu ukapumzika. Mwaka 1994 madaktari wa Nottingham, Uingereza, walieleza kazi hiyo kwa mshipa uliokwisha kupasuka. Mgonjwa aweza kutiwa ganzi tu.

Lakini tusidanganyane. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa Uingereza mwaka 2014 ulionyesha kwamba, kwa njia mpya au ya zamani, zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa hao walikufa katika siku 30. Na hao ni waliowahi hospitali.

Sasa tupime njia yetu. Mwenzetu wa makazi ya Nakivale ana karibu kilomita 60 mpaka Mbarara. Toka Mbarara mpaka Kampala ni kama 270.

Kwa hiyo vita vyetu vianze kabla ya mpasuko. Altrasaundi, mashine ile ile inayowapima akina mama wajawazito, huonyesha uvimbe huo kwa dakika chache bila maumivu. Unaofika sentimita 5.5 kwa kawaida hutengenezwa mapema, mgonjwa akiwa na nguvu zake.

Katika mazungumzo na waajiri tudai mambo matatu: presha ipimwe kazini, wazee wetu, hasa wavuta sigara, wapelekwe altrasaundi bila kukatwa mshahara, na gari la dharura liwepo zamu zote, hata usiku. Mkimbizi asiachwe nje. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi, na mshipa wake ni kama wetu.

Na mzee akishikwa na maumivu hayo, msimwambie akapumzike. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu, ndugu, ukianguka haujengwi kwa urahisi.