Singe Kuukuu za Vita Kuu: Mwananchi wa Kiberege Afanye Nini Anapoiokota

Mwananchi wa Kiberege, au wa kijiji kingine chochote cha Bonde la Kilombero, anayeibua singe kuukuu wakati wa kulima au kuchimba msingi wa nyumba, huwa ameshika kitu chenye thamani mbili zisizolingana. Kwa mnunuzi wa chuma chakavu, ni uzito mdogo tu kwenye mizani. Kwa historia ya Taifa, huenda ni ushahidi wa jeshi lililopita mahali hapo.

Singe ni kisu kirefu kinachopachikwa kwenye mdomo wa bunduki ili askari aweze kupigana ana kwa ana. Wengi wameiona bila kuijua jina: Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, imeshika bunduki yenye singe iliyoelekezwa bandarini.

Bonde la Kilombero lilikuwa njia ya majeshi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya Morogoro kutekwa na Waingereza mwezi Agosti 1916, Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini, na Mahenge ikawa moja ya ngome zao. Kiberege ipo kaskazini ya mto, upande wa njia itokayo Kilosa kwenda Ifakara. Mahenge yenyewe ilitekwa tarehe 9 Oktoba 1917 na majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo. Katika majeshi yote hayo, wabeba bunduki wengi walikuwa Waafrika. Na nyuma yao walifuata wapagazi, maelfu kwa maelfu, ambao hawakuacha singe wala kitu kingine cha kuwakumbukia.

Utambuzi wa singe huanza na alama zilizopigwa kwenye chuma. Singe ya Kijerumani mara nyingi huwa na taji na tarakimu mbili za mwisho za mwaka kwenye mgongo wa ubao wake. Askari wengi wa Kijerumani walianza vita wakiwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, ambazo moshi wake mzito uliwafichua walipo. Singe ya bunduki hiyo ina mpini wa shaba njano. Singe ya Kiingereza ya mwaka 1907 ina ubao wa sentimita 43 hivi, na karibu na mpini huandikwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kwa sababu hiyo, kuisugua kwa msasa au kuinoa kwenye jiwe ili iwe kisu cha jikoni ni kufuta maandishi yake. Inatosha kuondoa udongo kwa brashi laini, kuikausha na kuipaka mafuta kidogo.

Kuhusu sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inahesabu kuwa mabaki ya kale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Singe za vita hiyo ni changa kuliko kipimo hicho. Hata hivyo, kuchimba ardhi kwa nia ya kutafuta mambo ya kale kunahitaji leseni, na wanaofukua maboma na makaburi wakitafuta kinachoitwa mali ya Mjerumani hawana kinga kwa kudai kuwa walichopata ni chuma tu. Anayekusudia kuipeleka singe nje ya nchi, hata kama ameinunua kihalali, aulize kwanza Idara ya Malikale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii.

Hatari kubwa zaidi ni kile kinachoweza kulala kando ya singe. Risasi na mabomu ya zamani hayapoi kwa kukaa ardhini. Yakionekana, yasiguswe, yasipigwe nyundo wala kuchomwa moto. Watoto waondolewe, mahali pawekewe alama na Polisi wapewe taarifa. Bunduki, hata iliyooza, nayo ikabidhiwe Polisi, kwa kuwa umiliki wa silaha ya moto bila kibali ni kosa.

Kwa singe peke yake, aliyeiokota aandike siku, shamba na kina alichoikuta, apige picha kabla ya kuihamisha, kisha atoe taarifa ofisi ya kijiji, ambayo inaweza kumwelekeza kwa Ofisa Utamaduni wa Halmashauri au Makumbusho ya Taifa.